Mstari wa pili

Leo nimemaliza dakika zote 15 nikikitazama kipimo kimoja cha homa ya ini B cha kijana mmoja, ingawa mstari wa pili, ule wa maambukizi, ulishatokea mapema. Mwekundu, mzito, hauna ubishi. Kijana mwenyewe ukimwona ni mzima kabisa.

Mistari ya namna hii nimeisoma mingi. Ila tangu juzi nijisomee kuhusu makoti ya kirusi cha homa ya ini B, siioni tena kwa jicho lile. Kinachonaswa pale ni protini ya koti, HBsAg, na nyingi mno haijakivika kirusi chochote. Kwa kila kirusi kamili cha nanomita 42, damuni huweza kuwamo makoti matupu 1,000 hadi 100,000, mengine viduara vya nanomita 22, mengine marefu kama uzi.

Koti hushonwa na protini tatu za jeni moja: ndogo, ya kati na kubwa. Ndogo ikijazana kwenye utando ndani ya seli ya ini hujifinyanga yenyewe ikatoka, tupu. Kirusi kamili hakitoki bila kubwa. Ncha yake ya mbele huning'inia upande wa ndani, ikakishika kiini chenye DNA na kukiingiza kotini. Kisha baadhi ya ncha hizo hugeukia nje, zikawa ndizo zinazobisha hodi kwenye seli nyingine ya ini, kwa kipokezi NTCP, protini ya juu ya seli ambayo kirusi hujishika nayo, kilichotambuliwa 2012. Ncha ileile, kazi mbili! Ya kati sina la kuisemea. Hata isipokuwapo, kirusi hutoka.

Lakini protini kubwa ikizidi, mlango wa kutokea huziba. Makoti hukwama ndani, seli ikawa kama kioo chenye ukungu. Chuoni nilionyeshwa slaidi yake kwenye hadubini, nikadhani lenzi ina vumbi. Nikaifuta mara mbili, mwalimu akicheka.

Chanjo niliyochomwa kabla ya kuanza kazi nayo ni makoti matupu, yaliyoshonwa na hamira. Mwili wangu umejifunza kumkamata mwizi kwa koti lake tu.

"Kwa hiyo dada, damu yangu imejaa virusi?" kijana akauliza.

"Kipimo hiki kimeona makoti, mdogo wangu. Virusi vipo, ila vingapi, hapo tunahesabu DNA."

Akanyamaza, akakitazama tena kile kijiti.

"Na mke wangu mumpime lini?"

Nikamwambia hata kesho, aje naye.