Namba saba, tokeni za LUKU na kinachoshikika kichwani

Ukigusa tu habari za kumbukumbu kwenye grupu lolote la WhatsApp lazima atokee mtu akwambie binadamu anashika vitu 7 kwa mpigo, basi, mjadala umeisha, hakuna anayeuliza hiyo 7 ilitoka wapi. Ilitoka kwa mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala mwaka 1956 ambayo inaanza kwa utani kabisa, analalamika kwamba kuna namba inamfuatafuata kila anakoenda, na ukiisoma mpaka mwisho unakuta mwenyewe anahisi hizo saba zote huenda zimelingana kwa bahati tu. Yani mwenye makala ana wasiwasi nayo, sisi huku tumeshaifanya sheria.

Na wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1887 London kulikuwa na Joseph Jacobs, alikuwa anasomea wanafunzi namba, anaongeza moja moja mpaka mtu akwame, pale alipokwamia anapaandika. (Huyu Jacobs ndo yule yule aliyekuja kujulikana kwa kukusanya ngano za Waingereza, kumbe kabla ya hapo alikuwa anapima vichwa vya watu.) Kipimo chake kipo mpaka leo na hakijabadilika sana: anayepima anakusomea tarakimu, moja kila sekunde, sauti imenyooka haipandi haishuki, afu unazirudisha kwa mpangilio uleule. Ile sauti kunyooka ina sababu. Ukimsomea mtu "4-9-2" ukapumua kidogo ndo ukaendelea "7-1-6" umeshamsaidia, umempa mafungu mawili badala ya vitu sita, na matokeo yake sio yake tena, mmechangia.

Sasa hapa ndo panaponoga. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba maneno mafupi yanashikika kuliko marefu, na ukipiga hesabu inakuja hivi, mtu anakumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde 2 hivi. Kwa hiyo kile unachodhani ni ukubwa wa kichwa kwa sehemu kubwa ni mwendo wa ulimi, ile sauti ya ndani unayojirudishia kimyakimya namba isipotee. Ukitaka uone kwa macho yako mpe mtu namba sita azishike huku anatamka "la la la la" bila kuacha, utaona zinavyopukutika.

Na kama ni ulimi basi lugha nayo inaingia. Mwaka 1980 walipimwa watu wanaojua Kiwelshi na Kiingereza, watu walewale, wakashika namba nyingi zaidi kwa Kiingereza, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba majina ya namba ya Kiwelshi yanachukua muda zaidi kutamka. Kuna waliokuja baadaye kubishia sababu yenyewe, ila fikiria maana yake kwa mtoto wa Wales anayepimwa akili kwa lugha ya kwao afu anaonekana yuko nyuma ya mtoto wa Kimarekani. Upande wa pili kuna Wachina, namba zao ni fupi mno, wanafunzi wa chuo Hong Kong walipimwa wakafika karibu na 10 kwa wastani. Hapo saba ya Miller inabaki wapi?

Haya njoo kwetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, zote silabi mbili mbili, sifuri ndo kabisa tatu. Kiingereza kuanzia moja mpaka tisa ni silabi moja moja ukitoa saba yao. Mi huwa nawasikiliza watu wakitajiana namba za simu, mtu anaongea Kiswahili kilichonyooka, akifika kwenye namba anahamia, ziro seveni faivu foo, akimaliza anarudi kwenye Kiswahili chake kama hakuna kilichotokea. Watu wanasema ni maringo. Inawezekana, na pia sekondari hesabu tumefundishwa kwa Kiingereza, lakini nadhani na ulimi unajua njia ya mkato ilipo. Wazee wengine wana njia yao, sifuri saba, hamsini na nne, thelathini na mbili, wanafunga mbilimbili, na wala hawahangaiki.

Huko kufunga ndo siri yenyewe. Tokeni ya LUKU, yani ule umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, hakuna mtu anazishika zote, na bado kila nyumba zinaingia kwenye mita. Mmoja yuko kwenye kiti anamulika na simu ya tochi, mwingine yuko mlangoni anasoma meseji, anasoma nne anasubiri, wa kwenye mita anazirudia kwa sauti huku anabonyeza, "ehe", nne zingine. Hapo katikati mtoto akipita akiuliza chaja iko wapi basi fungu zima limeyeyuka, "dada hebu rudia hizo za mwisho." Hakusahau kwa sababu ana kichwa kibovu, aliingiziwa sauti nyingine kwenye njia ileile aliyokuwa anajirudishia namba.

Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio mengi akasema ukimzuia mtu asijirudishie na asiunganishe vitu, kinachobaki ni kama 4 hivi, unaweza kukuta 3, unaweza kukuta 5. Mimi hiyo 4 ndo naiamini kuliko 7. Ila 4 ya nini, hapo ndo kuna kazi, maana fungu moja linaweza kubeba mengi kutegemea unajua nini tayari. Kuna kijana wa Marekani alipimwa kwenye chuo cha Carnegie Mellon, taarifa yake ilitoka mwaka 1980, alianza na tarakimu 7 kama watu wengine, akafanya mazoezi kama saa 230 zilizosambaa kwenye mwaka na nusu na zaidi, akaishia kurudisha tarakimu 79. Alikuwa mkimbiaji. Akisikia 3-4-9-2 kwake hiyo ni dakika 3 sekunde 49.2, muda wa mbio za maili unaokaribia rekodi ya dunia, kwa hiyo tarakimu nne zimekuwa kitu kimoja. Mtanzania anayefuatilia riadha ukimpa 3-3-2-2 hahitaji hata kujirudishia, hiyo ni dakika 3 sekunde 32.2 za Filbert Bayi, mita 1500, Christchurch 1974. Sasa yule kijana walipombadilishia wakampa herufi badala ya namba akarudi kwenye 6 kama mimi na wewe. Kilichokua ni ujuzi wake wa kufunga namba, chumba chenyewe kilibaki na ukubwa uleule.

Kingine ambacho watu wanachanganya ni kudhani kumbukumbu ya muda mfupi ni mlango, kila kitu lazima kipite hapo ndo kiende kwenye ile ya kudumu. Kuna wagonjwa wawili wamelivuruga hilo. Wa kwanza Henry Molaison, mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo Hartford kwa ajili ya kifafa, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kuweka kumbukumbu, pande zote mbili, kuanzia hapo akawa hawezi kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Lakini ukimsomea namba anarudisha vizuri tu! Mara moja alipewa 584 aishike, akaishika dakika 15, alipoulizwa ameifanyaje akasema ni rahisi, unakumbuka 8, namba zote tatu ukijumlisha ni 17, toa 8 inabaki 9, igawe inakuja 5 na 4, basi 584. Dakika moja baadaye hakumbuki namba, hakumbuki hesabu, hakumbuki hata kama kulikuwa na namba ya kukumbuka. Mi kila nikifika kwenye hiyo habari nasimama kwanza.

Wa pili anajulikana kwa herufi tu, K.F., alipata ajali ya pikipiki, taarifa yake ilitoka London mwaka 1970. Huyu yuko kinyume chake, ukimsomea tarakimu mbili tayari anayumba, ila anajifunza mambo mapya na kuyakumbuka baadaye kama kawaida. Kama ule ungekuwa mlango mmoja K.F. asingeweza kujifunza kitu.

Ndo maana mwaka 1974 Baddeley na Graham Hitch wakaja na wazo la kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo ni zaidi ya kushika tu. Kuna sehemu ya sauti, hiyo ya ulimi wa ndani, kuna sehemu ya picha na mahali, na kuna msimamizi anayegawa umakini, na mwaka 2000 Baddeley akaongeza sehemu ya nne ya kuunganisha hizo na unavyovijua tayari. Ukitaka kumwona msimamizi akiwa kazini panda daladala jioni, muangalie konda. Anaita vituo, anasikiliza nani anashuka, wa siti ya nyuma katoa elfu kumi hajarudishiwa, wawili wa mlangoni wamelipiwa na mama mwenye kanga, na kichwani anatoa nauli kwenye kila noti. Zile noti alizozikunja kwa urefu akazipachika kati ya vidole ni ujanja pia, kila kinachokaa mkononi hakikai kichwani. Afu abiria mmoja anaanza kubishana naye kuhusu nauli, na hapo ndo utasikia wengine "konda chenji yangu!" maana msimamizi kashikwa.

Vipimo vya kumbukumbu hii ya kufanyia kazi vinakutaka ushike kitu huku unafanya kingine. Kile chepesi ni kurudisha namba kinyumenyume, nakupa 4-9-2-7 unanipa 7-2-9-4, watu wengi wanapoteza namba moja au mbili ukilinganisha na kurudisha kawaida. Kuna cha kusoma sentensi na kukumbuka neno la mwisho la kila moja, cha mwaka 1980, na hicho kinaendana vizuri na uwezo wa mtu kuelewa anachosoma. Upande wa picha kuna vipande 9 vya mbao vya Corsi, vilianzia Montreal, anayepima anagusa vipande kwa mpangilio, wewe unafuata, hakuna maneno hapo hivyo ulimi wako hauna pa kushika.

Swali la kwa nini vinapotea bado linabishaniwa. Mwaka 1959 Peterson na mkewe waliwapa watu herufi tatu tu, wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatutatu wasipate nafasi ya kujirudishia, sekunde 18 baadaye karibu zote zimeyeyuka. Watu wakasema ni muda unafuta. Mwaka 1962 wengine wakaangalia jaribio la kwanza peke yake, wakakuta mara ya kwanza mtu hasahau karibu chochote! Zile herufi za nyuma ndo zinazoingilia za sasa. Ndo maana ukitumiwa namba za siri za benki mara tatu mfululizo, ile ya tatu unachanganya na ya kwanza.

Kuhusu zile app za "ongeza uwezo wa ubongo wako", mwaka 2008 ulitoka utafiti uliosema mazoezi ya aina hiyo yanapandisha akili kwa ujumla, kila mtu akachangamka, ila uliporudiwa kwa makundi ya kulinganisha yaliyopangwa vizuri kilichoonekana zaidi ni kwamba ukicheza sana unakuwa hodari wa ule mchezo. Mi hela yangu sitoi.

La maana zaidi kwa wengi wetu ni hospitali, mzee anapopelekwa kuangaliwa kumbukumbu. Ataambiwa ashike maneno matatu au matano, atarudisha namba, ataambiwa atoe 7 kwenye 100 aendelee hivyohivyo, 93, 86, 79. Mzee aliyekuwa anauza dukani miaka yote anaweza kuzimaliza huku anacheka, bibi ambaye hakusoma anaweza kukwama kwenye 93 bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukimsindikiza, sema mapema kasoma mpaka wapi na huwa anahesabu kwa lugha gani akiwa peke yake, na kama ni Kisukuma au Kimakonde omba namba zisomwe hivyo, hata kama ni wewe ndo utazisoma, moja moja, bila kupumua katikati.