Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa boti, Unguja hadi Dar

Saa kumi na nusu alfajiri niko macho. Nakunywa chai ya tangawizi na kipande kidogo cha mkate, kwa sababu msimu wa kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari, tumbo tupu ni tabu na tumbo lililoshiba ni tabu zaidi. Kabla ya saa kumi na mbili niko bandarini Malindi: nahesabu majaketi okozi, nakagua milango ya dharura, nafuta viti, najaza mifuko ya kutapikia.

Wengi wanatujua kwa hiyo mifuko na soda. Ni kweli tunagawa. Lakini boti ikipata shida katikati ya bahari, wanaojua mlango upi unafunguliwaje ni sisi wenye sare hizi.

Saa moja kamili tulitakiwa kufungua kamba. Hatukufungua. Kaka mmoja alikuwa na televisheni ya inchi 55, kartoni ameizungushia sponji na kanga mbili, akakaza kwa kamba ya buluu. Ameiegemeza kwenye mlango wa dharura.

“Kaka, samahani, hapa ni mlango. Mzigo huu unakwenda nyuma, tutaufunga vizuri.”

“Kule mtaipasua. Nani atanilipa? Wewe?”

Nikamwonyesha maandishi mekundu mlangoni. Akasema boti bado iko gatini, dharura iko wapi. Nikamwita baharia, wakaanza kubishana upya. Abiria wakaingilia. Huyu anasema mwacheni, hela yake imetoka jasho. Yule anapiga kelele ana miadi mjini. Mama mmoja anayempeleka mgonjwa Muhimbili akaniambia mimi ndiye ninayemchelewesha. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mwenye televisheni. Mwishowe nikaondoa maboksi yetu ya maji nyuma ya kaunta, televisheni ikasimama pale, na mwenyewe akahamia kiti cha jirani ailinde. Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda.

Kwenye suala la mlango siwezi kulegeza. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kuja Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, kwenye njia hii hii, msimu huu huu. Miezi kumi kabla yake MV Spice Islander ilikuwa imezama upande wa Nungwi ikienda Pemba. Misiba ile haijazeeka kwetu.

Tulipoipita Chumbe na mnara wake wa taa, kinga ya Unguja ikaisha. Kwenda Dar wakati wa kusi mawimbi yanakuja usoni: omo, yaani pua ya boti, inanyanyuka, inaning'inia kidogo, inapiga. Mtoto analia, wa pili anadakia, halafu harufu inaanza, na harufu ndiyo inayowaangusha hata waliokuwa wazima. Mifuko nimeichomeka mkandani ili mikono ibaki ya kushikia viti. Unapokea uliojaa, unafunga, unatoa mwingine, unafuta sakafu kabla mtu hajateleza, unageuka, yule wa kwanza anakuita tena. Bibi mmoja mwenye hina vidoleni alinishika kifundo cha mkono asiniachie.

“Mwanangu, tunafika?”

“Tunafika, bibi. Tazama mbali, usitazame chini.”

Nikachuchumaa hapo hapo, huku wengine wakiniita.

Ukiingia mlango wa bandari ya Dar, Kigamboni kushoto, soko la samaki la Feri kulia, maji yanatulia na watu wanaanza kupaka mafuta na kupiga simu. Ng'ambo ya barabara tu kutoka gatini liko Boma la Kale, la enzi za Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, miaka ya 1860. Wageni wanakuja kulipiga picha. Mimi sijawahi kuingia. Muda wangu wa Dar ni wa ufagio na dawa ya sakafu.

Kurudi mawimbi yanasukuma tezini, nyuma ya boti, boti inayumba ubavu kwa ubavu. Mchana nilikula wali wa baridi nimesimama, sikumbuki saa ngapi. Ikaja safari nyingine, mifuko mingine, mtu anauliza kwa nini soda si ya baridi, miguu imevimba ndani ya viatu. Giza lilikuwa limeingia tulipomaliza kuosha.

Kabla ya kushuka nilimfuata nahodha. Nimemwomba tangazo la milango ya dharura litolewe abiria wakiwa bado wanapanda, maana kartoni ikishaegemezwa hakuna anayekubali kuinyanyua. Amekubali tujaribu kesho, safari ya saa moja asubuhi.