Usiku ule Webuye iliponishika mkono

Kidoti chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kilikaa juu kabisa ya grafu ya utafiti wangu wa pumu, kimeruka ule mstari mwekundu kikaenda zake, hadi nikadhani ni uchafu wa skrini nikapangusa na mkono wa sweta. Hakikutoka. Hii ni Februari 2013, niko mwaka wa pili wa PhD kwa chuo kimoja Uingereza, nje theluji imeganda kwa dirisha, na mimi mtoto wa Kimilili, magharibi mwa Kenya, nimekaa pale naangalia kitu ambacho nimekitafuta tangu darasa la nne, ingawa darasa la nne sikujua hata kinaitwaje.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na pumu ile mbaya. Wale mmelala chumba kimoja na mtoto wa pumu mnajua, unaamka usiku si kwa sababu ameita, hawezi kuita, unaamka kwa sababu ya ile miluzi ya kifua, anavuta hewa na mabega yamepanda hadi masikioni. Inhela hatukuwa nayo wakati huo. Mama alikuwa anamfunga mgongoni na leso mbili, mimi nashika tochi, tunatembea mpaka zahanati kugonga mlango, na tukipata mtu anadungwa sindano tunarudi alfajiri miguu imelowa umande. Na sasa hicho si ndicho kilichomuumiza mama zaidi. Kilichomuumiza ni mashangazi zangu, dada za baba, kila wakija lazima waseme hii pumu kwetu haikuwepo, hii imekuja na wewe, ni ya ukoo wenu. Mama alikuwa ananyamaza anaendelea kupepeta mahindi. Mimi nlikuwa nasikia yote.

Kwa hivyo nilipokuja kusikia chuoni kuna watu kazi yao ni kutafuta pumu inarithiwa vipi, yaani wanachukua DNA ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa wanalinganisha herufi kwa herufi, sikuuliza mshahara ni ngapi. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Uingereza na wenzao wa Ulaya walikuwa wametoa matokeo kwenye jarida la Nature, watoto 994 wenye pumu na watu 1,243 wasio nayo, wakapata sehemu kwenye kromosomu ya 17 karibu na jeni inaitwa ORMDL3. 2010 ukaja utafiti mkubwa zaidi wa GABRIEL, wagonjwa 10,365, na kromosomu ya 17 ikatokea tena. Shida ni kwamba hao wote walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika hatukuwepo. Ndio 2011 Wamarekani wakatoa utafiti wa EVE wenye watu wa asili mbalimbali, wakapata jeni inaitwa PYHIN1 ambayo ilijitokeza kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, na hiyo ndiyo iliyoniwasha moto, nikasema basi kuna vitu vyetu huko ndani ambavyo hakuna mtu ametafuta.

Kazi yangu ilikuwa upande wa bayoinfomatiki, yaani kuchambua DNA kwa kompyuta, damu yenyewe sikuwahi kuishika. Nlikuwa napata mafaili tu. Wagonjwa mia tano na kitu wenye asili ya Afrika, wengi wa Karibi na Marekani, walipimwa kwa maabara moja, na wale wa kulinganisha nao, wasio na pumu, walikuwa wamepimwa miaka ya nyuma kwa maabara ingine kabisa na chipu, kile kibao cha kusomea DNA, ya aina ingine. Mtu alishayaunganisha hayo mafaili mawili kabla mimi sijafika. Nikayapokea hivyo hivyo nikaanza kazi, na hapo ndipo kosa langu lilipo, sikuuliza yaliunganishwa namna gani.

Ile grafu inaitwa Manhattan kwa sababu inafanana na maghorofa ya New York ukiyatazama kwa mbali. Kila kidoti ni mahali pamoja kwenye DNA, kikipanda juu maana yake hapo wagonjwa na wasio wagonjwa wametofautiana kuliko bahati inavyoweza kueleza. Ule mstari mwekundu unawekwa mahali namba ya p, yaani uwezekano wa bahati tu kuleta tofauti kama hiyo, ina sifuri saba baada ya nukta ndipo ije tano. Kidoti changu kilikuwa na sifuri kumi na tano. Na kilikaa karibu na jeni inayofanya kazi kwenye kuta za njia za hewa. Hata ungekuwa wewe ungeamini.

Profesa wangu aliamini. Ni mtu mzuri, alinifundisha vitu vingi na sisemi hivi kumlaumu. Nilimwambia kitu kimoja kinanisumbua, hiki kidoti kiko peke yake, hakina jirani. Kwa kawaida sehemu za DNA zilizo karibu zinarithiwa pamoja kama abiria waliopanda matatu moja, kwa hivyo moja ikipanda na majirani zake wanapanda nusu, unapata kama mnara wenye ngazi. Akasema lakini hawa ni Waafrika, na kwa Waafrika hivyo vipande vya kurithiwa pamoja ni vifupi sana, kwa hivyo upweke wake si ajabu. Na ni kweli, hilo ni jambo linalojulikana kabisa, watu wamekaa Afrika muda mrefu kuliko kwingine kokote na vipande vimekatwakatwa vizazi na vizazi. Kwa hivyo jibu lilikuwa la kweli halafu likatupeleka pahali si pa kweli. Akaandika muhtasari wa kupeleka kwenye kongamano, mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa sita usiku. Jumanne jioni nikampigia mama simu nikamwambia mama tumepata kitu. Akanyamaza kidogo, akasema, asante Mungu.

Alhamisi usiku nikabaki ofisini peke yangu nikitengeneza picha za ule muhtasari. Miezi michache nyuma mradi wa 1000 Genomes ulikuwa umechapisha DNA ya watu 1,092 kutoka makundi 14 ya dunia, wazi, mtu yeyote anashusha bure, na nlikuwa nimeishusha nitumie kuonyesha wagonjwa wetu wanakaa wapi kwa asili. Kila kundi lina herufi tatu. YRI ni Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Halafu kuna LWK, watu 97. L ni Luhya, W ni Webuye, K ni Kenya.

Nlikuwa nimeziona hizo herufi mara mia, lakini usiku ule nikazitazama vizuri. Webuye! Pale tunapopitia kwa matatu, pale mama ananunua omena. Kuna mtu huko alinyoosha mkono akatolewa damu, sijui aliambiwa nini, na sasa yuko kwa kompyuta yangu. Nikasema wacha basi niwaone na wao, hapa kwa kidoti changu wako vipi, yaani nilitaka tu kuwaona wakiwa ndani ya kazi yangu, sikuwa natafuta kosa lolote.

Nikatoa namba. Hapo mahali watu wana C au G, mbili kati ya herufi nne za DNA. Kwa wagonjwa wetu C ni asilimia 42. Kwa wasio wagonjwa ni 58. Ibadan 43, Webuye 41.

Nikakaa nikaangalia. Kama kuna kundi lilitakiwa kufanana na Webuye na Ibadan ni wale wasio wagonjwa, si wagonjwa, kwa sababu hao wa Webuye na Ibadan ni watu tu, hawakuchaguliwa kwa pumu. Halafu nikajumlisha 42 na 58 kwa kalamu, juu ya risiti ya supamaketi ndio ilikuwa karibu. Mia kamili. Mikono ikaanza kuwa baridi.

DNA ni nyuzi mbili zinazotazamana kama zipu, A inakaa mbele ya T, C mbele ya G. Maabara moja inaweza kuwa imesoma uzi wa huku na ingine uzi wa upande ule. Mahali penye A na G hakuna shida, huyu wa pili atasoma T na C, ukiunganisha mafaili programu ya PLINK itapiga kelele kwamba herufi hazilingani, unageuza yanaisha. Lakini mahali penye C na G? Mwenzako akisoma upande wa pili anapata G na C. Herufi ni zile zile! Programu inanyamaza kimya, inaungana vizuri kabisa, kumbe wingi wa hii umeandikwa kwa jina la ile, ile 58 ni ya G, C yenyewe ni 42.

Nikarudi kwa faili la mwanzo kabisa kabla halijachujwa, nikatafuta mahali pengine pote penye C na G au A na T. Chipu za namna ile zina mahali pachache hivyo, kwa hivyo haikuchukua muda. Wasio wagonjwa asilimia 20, Webuye 79. Wasio wagonjwa 69, Webuye 32. Moja baada ya ingine, ukijumlisha ni karibu mia, kwenye orodha yote. Zile zingine zilikuwa zimeshikwa na kuondolewa kwa sababu tofauti yake ilikuwa kubwa mno isiaminike, hii yangu ikapenya kwa sababu ilikuwa karibu na nusu kwa nusu, ikafanana na ukweli.

Nikaigeuza nikaendesha upya. Kidoti kikaanguka chini kabisa kikapotea katikati ya wengine, hata kukitafuta nilishindwa nikakitafuta kwa namba. Nililia, sifichi. Si kwa sababu ya muhtasari. Nlikuwa nafikiria ile "asante Mungu".

Saa kumi alfajiri nikamwandikia profesa, nikaambatisha ile orodha. Alinijibu kabla ya saa moja asubuhi, mistari miwili, tunaondoa, na ahsante. Hatukutuma kitu mwaka huo, na data yote ilirudi kuunganishwa upya kuanzia sifuri, kazi ya miezi minne.

Lakini kabla hajajibu nilikuwa nimempigia mama, kwetu ishafika saa mbili asubuhi, nasikia kuku nyuma yake. Nikamweleza polepole. Nikamwambia mama lile nililosema Jumanne halipo, lilikuwa kosa la kusoma. Nikamwambia na hili ambalo ni kweli, kwamba hii pumu haitoki mahali pamoja, ni vitu vingi vidogo vidogo, vingine vinatoka kwa baba vingine kwa mama, na moshi na vumbi na mafua juu yake, hakuna ukoo unaoweza kushikwa ukaambiwa ni wewe. Hakusema chochote kuhusu mashangazi. Akauliza, sasa hilo kosa umelijuaje?

Nikamwambia ni watu wa Webuye, 97, walitoa damu ikawekwa kwa kompyuta.

"Ni akina nani?"

Nikamwambia hakuna anayejua mama, majina hayaandikwi.

Akafikiria. Akasema, "Basi anaweza kuwa hata yule ananiuziaga omena."

"Anaweza, mama."

"Na hajui?"

"Hajui."

"Ukija Disemba," akasema, "tutapita."