Pima mchanga kwanza, ndipo ununue mashine ya kufagia paking

Wengi wanaoanzisha kazi ya usafi wa maegesho ya magari Dar es Salaam huanza na mashine: ipi kubwa, ipi ina kasi, ipi inatumia petroli. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni uchafu wenyewe, na uchafu wa jiji hili, kuanzia Mbezi hadi Mbagala, kwa sehemu kubwa ni mchanga. Mteja analalamikia chupa, vizibo, vichungi vya sigara, risiti na majani ya mkungu kwa sababu ndivyo anavyoviona. Kinachokula brashi, kinachoziba filta na kinachomaliza nguvu za mfanyakazi ni mchanga uliokuja na matairi kutoka barabara ya vumbi iliyo nje ya geti.

Kwa hiyo kabla ya kuandika bei, pima. Chora kwa chaki mraba wa mita moja kwa mita moja. Ufagie kwa brashi ya kupakia rangi ya inchi nne, uingie hadi kwenye viungo vya tofali za pevingi, ukusanye kila kitu kwenye kopo na kukipima kwa mizani ya jikoni. Fanya hivyo sehemu tatu: getini, katikati, na kando ya ukingo wa zege. Katikati unaweza kupata gramu 20 na ukingoni gramu 300 kwenye paking hiyo hiyo, kwa sababu maji ya mvua na upepo wa magari yanayopita husukuma mchanga pembeni. Tofauti hiyo peke yake inakuambia kwamba kazi kubwa iko kwenye kingo, mahali ambapo mashine nyingi hazifiki vizuri.

Sasa piga hesabu. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5. Ukijumlisha njia ya kupita na kugeuzia, weka mita 25 za mraba kwa kila gari. Paking ya magari 120 inakuwa mita za mraba 3,000. Wastani wa gramu 50 kwa mita unakupa kilo 150 za mchanga kwa kufagia mara moja. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1.6, kwa hiyo kasha la taka la lita 40 likijaa ni kilo 64, na hakuna wa kulichomoa na kulinyanyua peke yake bila kuumia mgongo. Utalijaza theluthi tu, kilo 21 hivi, na utamwaga mara saba au nane. Hii ndiyo hesabu ambayo haimo kwenye karatasi ya muuzaji. Yeye anakupa mita za mraba kwa saa, nazo zimepimwa kwenye uwanja mtupu, usio na gari wala nguzo.

Ukitaka mita za saa zilizo za kweli, zidisha upana wa kufagia kwa kasi, kisha zidisha kwa 0.6. Hiyo asilimia 40 inayopotea inaliwa na kurudia mstari, kukwepa magari, kugeuza na kumwaga. Mashine ya kusukuma kwa mkono yenye upana wa sentimita 70, mtu akitembea kilomita 3 kwa saa, inatoa kama mita 1,260. Ya petroli ya kutembea nyuma yake, sentimita 75 kwa kilomita 4, inatoa 1,800. Ya kupanda yenye brashi mbili za pembeni, upana wa mita 1.15 kwa kilomita 6, inatoa zaidi kidogo ya 4,000. Mtu mmoja mwenye fagio la chelewa, akifagia, akizoa na kubeba, mpangie mita 400 kwa saa. Paking yetu ya mita 3,000 ni saa saba na nusu za chelewa, ni saa mbili na dakika 20 za mashine ya kusukuma, na ni saa moja na dakika 40 za ile ya petroli.

Angalia hapo: kati ya mashine ya kusukuma na ya petroli tofauti ni dakika 40 tu. Kwa mwenye mkataba mmoja au miwili ya ukubwa huo, dakika 40 hazilipi injini, mafuta, mkanda na fundi. Ushauri wetu ni kuanza na mashine moja ya kusukuma yenye brashi mbili za pembeni, blowa moja ya mgongoni (mashine ya kupuliza upepo), mafagio magumu mawili ya mpini mrefu, chelewa, chepe, kizoleo, toroli na ndoo. Vyote vinaingia kwenye Toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) au Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo). Injini inunuliwe pale mnapofikisha kama mita 6,000 kwa usiku mmoja, au pale mteja anapodai vumbi lisitimke kabisa. Na hilo la vumbi ndilo sababu nzito kuliko kasi.

Mashine ya kusukuma haifyonzi. Brashi inazunguka kwa nguvu ya magurudumu na kurusha uchafu ndani ya kasha, basi. Kwenye majani na vizibo inafanya kazi nzuri sana. Kwenye mchanga laini wa kiangazi inaokota ule mnene na kupeperusha ule wa unga, ambao unatua juu ya magari ya watu. Mashine yenye injini inayofaa Dar ni ile yenye feni ya kufyonza, filta ya mikunjo na kitikisio cha filta. Isiyo na feni hata ikiwa na injini, iache. Vumbi la mchanga na zege lina silika, na anayelivuta kila siku kwa miaka anaharibu mapafu moja kwa moja. Barakoa za kitambaa hazizuii. Nunua barakoa za kuchuja vumbi za FFP2 au N95 na uziweke kwenye gharama ya mkataba kama unavyoweka mafuta.

Filta itikiswe kila unapomwaga, injini ikiwa imezimwa, na uisubiri dakika moja vumbi litue kabla ya kuchomoa kasha. Usiipulize kwa kompresa kwa karibu, karatasi inatoboka na tundu halionekani kwa macho. Utaona tu moshi wa vumbi ukitoka nyuma ya mashine. Adui mkubwa wa filta ni unyevu. Msimu wa masika na vuli, mchanga mbichi ukifyonzwa unageuka tope kwenye mikunjo na kukauka kama plasta. Mashine nyingi zina mlango mdogo au klachi ya kufunga ufyonzaji. Paking ikiwa mbichi, funga, fagia bila kufyonza. Ikiwa na madimbwi, usiingize mashine kabisa: sukuma maji kwa mpira, subiri jua, kwangua tope kwa chepe, ndipo ufagie.

Sakafu nayo ina masharti yake. Lami na zege laini vinavumilia karibu kila brashi. Pevingi hazivumilii, na maegesho mengi mapya ya jiji ni pevingi. Tofali za pevingi zinashikana kwa sababu ya mchanga uliojazwa kwenye viungo vyake. Ukipitisha mashine yenye ufyonzaji mkali na brashi ngumu, hasa kwenye pevingi ambazo hazijamaliza mwaka, unautoa mchanga huo, na baada ya muda tofali zinaanza kucheza chini ya matairi, kingo zinavunjika, majani yanaota. Mwenye jengo atakudai, na atakuwa na haki. Tumia brashi ya plastiki laini ya polipropilini, ishushwe iguse tu, na ufyonzaji uwe wa chini. Kila baada ya miezi michache kagua viungo kwa kusimamisha sarafu ndani yake: ikizama zaidi ya sentimita moja, mwambie mteja mchanga wa viungo unahitaji kurudishwa.

Brashi za waya za chuma ziacheni kwa tope lililoganda kwenye kingo za barabara. Waya zinakatika, zinabaki chini, zinaingia kwenye matairi ya wateja, na zikipata mvua zinaacha madoa ya kutu kwenye zege. Kwenye hewa ya chumvi ya Masaki na Kigamboni kutu haichukui hata wiki.

Sasa urefu wa brashi. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu mfanyakazi akiona mashine haiokoti vizuri anashusha brashi zaidi, na brashi inakwisha kabla ya wakati huku ikiokota vibaya vile vile. Kipimo ni hiki, kwa mashine ya injini au ya betri, maana ya kusukuma brashi yake haizunguki ikiwa imesimama. Tafuta sehemu tambarare yenye vumbi jepesi, au mwaga unga wa chaki. Simamisha mashine, funga breki, shusha brashi kuu, izungushe kwa sekunde 15 bila kusogea. Inyanyue, sogeza mashine, uangalie alama iliyobaki chini. Inatakiwa iwe mstari ulionyooka, upana wa sentimita 5 hadi 7 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, shusha tundu moja. Ikiwa pana, pandisha. Upande mmoja ukiwa mpana na mwingine mwembamba, mhimili umekaa upande au beringi ya upande mmoja imekwisha. Katikati ikiwa nyembamba na ncha zikiwa pana, brashi imelika katikati kwa kupitishwa siku zote juu ya mstari mnene wa mchanga, na kuishusha hakutasaidia, ibadilishe. Brashi za plastiki zinazoweza kufungwa kwa pande zote mbili zigeuzwe kichwa-miguu kila baada ya saa 50 za kazi, zitalika sawasawa.

Mipira ya pembeni inayozunguka brashi inadharauliwa, na ndiyo inayofanya feni ifyonze. Iache nafasi ya kama milimita 3 kutoka chini. Ikiburuta inakatika, ikiwa juu sana, hewa inaingia pembeni na vumbi linatoka. Na kila asubuhi kagua brashi, kata kwa kisu nyuzi za viroba, nywele, kanda za kaseti na kamba za plastiki zilizojisokota kwenye ncha za mhimili. Zikiachwa zinaingia kwenye beringi, zinayeyuka kwa joto na kuiua.

Blowa ndiyo inayoamua ubora wa kazi, kwa kuwa kingo na chini ya magari hakuna brashi inayofika. Tembea kutoka ukutani kuja katikati, upepo ukiwa mgongoni, mdomo wa bomba ukiwa sentimita 15 kutoka chini na umelala. Gesi nusu inatosha. Ukifungua yote unapaka magari vumbi. Kazi hii ni ya alfajiri, upepo ukiwa umetulia na magari ni machache. Usisukumie mchanga mtaroni, ni ndoo mia za mchanga huo zinazoleta mafuriko mvua ya kwanza ikipiga. Blowa nyingi za mgongoni hutumia mafuta ya mchanganyiko: 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili ya tu-stroki. Tumia bomba la sindano au kikombe chenye alama. Anayekadiria kwa jicho anaua pistoni, na kutengeneza pistoni iliyokwama kunagharimu kama blowa mpya.

Paking za chini ya majengo ni habari nyingine. Injini ya petroli isiingie humo, moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu, inaua mtu akiwa anafanya kazi. Humo ni mashine ya kusukuma au ya betri. Ukichukua ya betri, iwe na betri za kazi ndefu zinazovumilia kushuka na kujazwa kila siku. Fundi akikufungia betri za kawaida za gari zitakufa ndani ya miezi. Usizitumie hadi ziishe kabisa, bakiza angalau asilimia 20. Maji yaliyochemshwa hayafai, ni maji safi ya betri tu (si asidi), na yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla. Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha wazi. Hakikisha pia urefu: vingi vya vyumba hivi vina dari la mita 2.1 hadi 2.2 getini, hivyo gari lililobeba mashine ya kupanda linaweza kukwama hata kama mashine yenyewe inapita.

Mafuta ya magari yaliyomwagika msiyapitishie mashine. Brashi itayapaka paking nzima na filta itaganda. Mwaga maranda au mchanga mkavu, subiri dakika 20, sugua kwa fagio gumu, zoa kwa chepe na uhifadhi peke yake. Vivyo hivyo majivu ya jiko la mkaa la mama lishe wa pembeni: kaa moja la moto linatosha kuwasha majani makavu ndani ya kasha la plastiki.

Mashine nyingi za injini zinazopatikana zinakuja zimetumika. Ukienda kuangalia, nenda na chupa tupu, majani makavu, mchanga kilo 2 na mita ya kupimia. Mwaga vyote kwenye mstari wa mita 10 na upitishe mashine mara moja. Chupa ikibaki, mpira wa mbele haunyanyuki. Mstari wa mchanga ukibaki katikati, brashi imelika. Mchanga ukirushwa nyuma, mpira wa nyuma umekwisha. Vumbi likitoka juu, ni filta. Kisha zungusha brashi ya pembeni kwa mkono usikie kama beringi inakwaruza. Injini ikiwa ya aina ile ya nguvu farasi 5.5 inayofungwa kwenye pampu za maji na jenereta ndogo, vipuri vyake utavipata Kariakoo siku hiyo hiyo: plagi, kabureta, kamba ya kuvutia. Inachukua oili kama lita 0.6, na kwenye vumbi letu ibadilishe kila saa 50 badala ya 100 za kwenye kitabu. Filta ya hewa iangalie kila siku.

Brashi hazina bahati hiyo. Kila kampuni ina kipimo chake cha mhimili na matundu, na brashi ya mashine moja haikai kwenye nyingine. Kwa hiyo siku ya kununua mashine, nunua pamoja nayo brashi kuu moja ya akiba, brashi za pembeni nne, filta moja, mikanda miwili na seti ya mipira. Muuzaji asiye na vitu hivyo dukani, hata mashine yake iwe nzuri namna gani, usimlipe.