Mitaro Mbeya ichimbwe na bwana afya akiwepo

Mvua zikishaanza Novemba hapa Mbeya stori ni zile zile, mtaro umefurika, barabara imekatika, na jibu letu nalo ni lile lile, leteni zege. Zege linahitajika sikatai, tena baada ya Aprili 2024 pale Itezi, udongo wa mlima Kawetere uliposhuka ukafukia nyumba za watu, nani tena atasema mabadiliko ya tabianchi ni mambo ya huko mbali? Ila kinachoniuma ni kwamba mipango yote hii ya kujikinga nayo tunaiongelea kama kazi ya injinia peke yake, na bwana afya anakuja kuitwa watu wakishaanza kuharisha.

Chukua malaria. Huku tumekua tukiambiwa mbu ni wa Kyela, kule chini kwenye joto, sisi wa juu baridi inatulinda, na ni kweli inatulinda, mji uko karibu mita 1,700 toka usawa wa bahari na vimelea vikishaingia tumboni mwa mbu vinataka joto ndo vikomae. Kwenye nyuzi 25 haifiki wiki mbili, kwenye nyuzi 20 inakaribia mwezi mzima, na mbu wengi mwezi hawaumalizi, wanakufa kabla hawajamwambukiza mtu. Sasa ongeza nyuzi moja au mbili tu uone, ule muda unafupika, mbu anakuwa bado mzima, na sisi miili yetu haijazoea malaria kama ya wenzetu wa Kyela kwahiyo ikitupata hata mtu mzima inamlaza vibaya.

Halafu kiangazi maji yanakatika, tunajaza mapipa, madumu, simtanki. Ni akili nzuri kabisa, bila hivyo tungeishije. Lakini pita uani kwa watu uangalie hizo simtanki, mfuniko ulishapasuka zamani, mtu kafunika na kipande cha salfeti kakandamiza na tofali, ukifunua viluwiluwi vinacheza tu humo ndani. Mbu wa homa ya dengue anayapenda hayo hayo maji ya kuhifadhi, Dar wamesumbuliwa na dengue 2014 na 2019. Na kuna mbu wa malaria aliyetokea Asia, Anopheles stephensi, yeye anazaliana mpaka kwenye matenki ya mjini, Djibouti alionekana 2012, Ethiopia akafuata, 2022 akapatikana Kenya, na Kenya ni jirani jamani. Kwahiyo ukigawa matenki gawa na mifuniko yanayobana, na wavu kwenye bomba la kupumulia, haina gharama ya kutisha hiyo.

Mitaro ndo usiseme. Ukipita Mwanjelwa mvua ikishakatika utaona pampasi, chupa za maji, maganda ya viazi, vyote vimejazana pale kwenye kalavati, maji yanarudi nyuma yanaingia majumbani na kwenye vyoo vya shimo. Na kuna watu mvua ikinyesha ndo wanatapisha vyoo, wanaachia uchafu uende na maji, huko chini kuna mtu ana kisima na kuna mama anamwagilia mchicha wa kuuza. Kipindupindu hakihitaji mlango mwingine.

Wenzetu India, jiji la Ahmedabad, joto la 2010 liliwaua watu wengi, 2013 wakawa na mpango wa joto na watu wa afya wamo toka mwanzo, hospitali zinaandaliwa, wananchi wanaonywa kabla. Sisi shida yetu sio joto la hivyo, ni maji na mbu, lakini utaratibu wa kukaa meza moja hauna nchi.

Mkutano wa mtaa ujao nitauliza huu mtaro mpya maji yake yanaenda kuishia wapi, nani atauzibua mkandarasi akishaondoka, na bwana afya wa kata ameiona ramani au bado. Na wewe kwenye mtaa wako uliza, hata kama mwenyekiti atakunja uso.