Kushuka kreta ya Ngorongoro bila kukaa kwenye foleni

Kazi yangu ni kuendesha wageni, na swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Ngorongoro ni namna ya kuona faru bila kuona kwanza matako ya magari 30. Inawezekana, hata Agosti. Chini kule, ndani ya kreta, yaani bonde la volkano ya kale, kuna eneo la kilomita za mraba zipatazo 260. Kinacholeta msongamano ni kwamba karibu kila gari hushuka katika saa zilezile, hupita barabara ileile na hula chakula cha mchana mahali palepale.

Sababu kubwa ni kibali. Kibali cha kuingia eneo la hifadhi ni cha saa 24. Kampuni nyingi huingiza wageni lango la Lodoare mchana, wanalala ukingoni, wanashuka asubuhi, kisha wanakimbizana na saa ili watoke kabla muda haujaisha. Waliolala Karatu nao wanafika langoni baada ya kifungua kinywa. Makundi haya mawili hukutana chini kati ya saa 3 na saa 6 mchana. Ikifika saa 8, wengi wameshapanda. Kwa hiyo nina nafasi mbili za kucheza nazo, alfajiri na alasiri, na katikati nawaachia wengine.

Nikichagua alfajiri, kazi inaanza jana yake. Malipo yote nakamilisha kabla, kwa sababu langoni hawapokei fedha taslimu, na mtandao ukigoma saa 12 asubuhi utawatazama wenzako wakipita. Kumbuka kwamba kushusha gari kreta kuna tozo yake, mbali na kiingilio cha kila mtu. Mafuta najaza Karatu, tangi zima. Hotelini naomba chakula kifungwe kwenye maboksi, na naomba mara mbili: mapokezi, halafu jikoni kwenyewe. Kifungua kinywa cha mezani ndicho kinachoharibu safari nyingi za mapema. Jiko linafunguliwa saa 12, wageni wanakula nusu saa, mmoja anarudi chumbani kuchukua kofia, na tayari ni saa 1.

Kutoka Karatu, gari linawaka saa 11 alfajiri. Lango linafunguliwa saa 12, nami nataka niwe pale robo saa kabla. Kutoka Lodoare hadi mteremko wa Seneto, upande wa magharibi, ni mwendo wa karibu saa nzima kwa kufuata ukingo, na ukungu ukitanda ongeza dakika 20. Juni hadi Agosti ukungu huo ni wa karibu kila asubuhi, na baridi ya mita zaidi ya 2,200 haina mzaha na mtu aliyetoka Dar na fulana. Ndiyo maana wenye kuweza kulala ukingoni, hata kwa hema pale kambi ya Simba, wanaanza na faida ya nusu saa au zaidi. Gharama yake ni baridi ya usiku, basi.

Barabara za kushuka na kupanda zichague mapema. Seneto ni ya kushuka tu. Lerai ni ya kupanda tu. Ile ya mashariki, upande wa hoteli ya Sopa, inatumika kwa yote mawili. Ukilala mashariki, usizunguke hadi Seneto kwa sababu tu kila mtu anapita huko. Shuka hapohapo, utakuwa tambarare wakati wenzako bado wako kwenye ukungu.

Nikifika chini kwa Seneto, magari mengi hukata kuelekea ziwa Magadi na msitu wa Lerai, kisha taratibu hadi Ngoitokitok, sehemu ya mapumziko, kwa chakula. Mimi nageuza mzunguko. Naanza kaskazini, kwenye kinamasi cha Mandusi na kilima cha Engitati, nikiwa na mwanga mzuri na fisi bado hawajaingia mashimoni. Kutoka hapo nashuka mashariki, nafika Ngoitokitok mnamo saa 3. Saa hiyo vyoo ni visafi na viboko unawatazama peke yako. Wageni wanakula nusu ya boksi hapo, ndani ya gari. Nasema ndani, kwa sababu mwewe wa pale wamezoea: anakuja kwa nyuma, anachukua paja la kuku mkononi, na anaweza kukuachia mkwaruzo wa kucha.

Saa 6, magari yanapojazana Ngoitokitok, mimi niko ng'ambo ya kinamasi cha Gorigor nikielekea Lerai, ambako nako kuna sehemu ya kupumzikia na vyoo. Chini ya migunga ile ndiko wanakopenda kukaa tembo madume wazee wenye pembe ndefu. Barabara ya kupanda iko hapohapo, kwa hiyo sirudi nyuma hata hatua.

Redio koli, ile ya madereva kuzungumza gari kwa gari, ni rafiki na ni mtego. Dereva mmoja akisema ameona sharubu, yaani simba, baada ya dakika 10 kuna ukuta wa magari. Ninapousikia wito, najiuliza mambo mawili: niko umbali gani, na mnyama anafanya nini. Simba aliyelala hana haraka. Mara nyingi atakuwa palepale saa 2 zijazo, pengine amejilaza kwenye kivuli cha gari la mtu. Huyo namwacha nikamwone wengine wakienda kula. Faru ni tofauti, kwa sababu akiingia kwenye majani marefu amekwenda. Hapo naenda, lakini sijipangi nyuma ya foleni. Natazama anaelekea wapi, naenda kusimama mbele zaidi kwenye barabara anayoelekea kuivuka, nazima injini. Kosa la wengi ni kumfuata sambamba. Magari yakimziba njia hageuki kuwapisha, anasimama au anarudi alikotoka, na kila mtu anakosa. Kutoka nje ya barabara ili umkaribie ni marufuku, na ni haki kabisa iwe hivyo.

Alasiri ina hesabu yake. Mwisho wa kushuka ni saa 10, na saa 12 jioni gari lolote liwe limeshatoka tambarare. Nashuka saa 7 au saa 7 na nusu, wageni wakiwa wameshakula juu. Joto na upepo wa vumbi vinasumbua mwanzoni, na wanyama wengi wamelala. Kuanzia saa 9 na nusu mambo yanabadilika, na mara nyingi barabara nzima ya kaskazini ni yako. Mpango huu naupenda kwa familia zenye watoto, maana hakuna wa kuamshwa usiku. Lakini unamfaa hasa anayelala ukingoni. Kama kitanda chako kiko Karatu, saa 10 na nusu uwe unapanda Lerai, kwa sababu Lodoare nako wanafunga saa 12. Wapo wanaosahau jambo hilo, wakatumia saa bora ya jioni kukimbilia lango. Anayetoka Seronera, kule Serengeti, asubuhi, naye mpango huu unamfaa, kwani Seneto iko njiani kabla ya kufika makao makuu ya hifadhi.

Kuhusu tarehe: katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei ndipo magari yanapopungua kweli. Novemba pia ni tulivu. Wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya siipangi kabisa kwa mtu mwenye uhuru wa kuchagua, na sikukuu za Idi na Nane Nane huleta mabasi madogo mengi ya wenyeji. Masika yana masharti yake. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, tairi zenye meno, spea 2, na koleo. Udongo mweusi wa chini ukilowa unanata kama ugali, na gari likizama huwezi kushuka ovyo kusukuma, simba wako karibu kuliko unavyodhani. Katika miezi hiyo sishuki bila kujua ni gari gani jingine liko upande wangu, na hapo ndipo redio koli inaponiletea faida bila hasara. Mawingu ya mvua yakianza kujikusanya juu ya mlima Olmoti, naacha barabara ndogo za karibu na mto Munge na kurudi kwenye barabara kuu, hata kama ndiyo kwanza saa 8.