Mshipa Si Bomba: Nilivyoishi Baada ya Kuwekewa Stenti

Maumivu yalinikamata mara ya kwanza mlima Kitonga, nikisaidiana na utingo kubadilisha tairi la nyuma la trela. Yalianzia katikati ya kifua, kama mtu amenikalia, yakapanda mpaka taya la kushoto. Nikakaa kwenye kivuli cha lori dakika kama kumi, yakaisha. Nilikuwa na miaka 52. Nilivuta pakiti moja ya sigara kila siku, na kisukari nilikuwa nakitibu siku nikikumbuka.

Zahanati niliyopitia njiani ilisema ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa za asidi mwezi mzima. Maumivu yakawa yanakuja nikipanda ngazi, baadaye nikitembea haraka, mpaka usiku mmoja yakanishika Chalinze nimekaa tu nasubiri chai. Safari hiyo sikuimaliza. Mama watoto alinifuata, na kulipokucha tulikuwa Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Waliponifanyia anjiografia nilikuwa macho. Wanakuchoma ganzi kwenye kifundo cha mkono, wanapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, kisha wanaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Nikaiona mishipa yangu kwenye skrini, imetanda kama matawi ya mwarobaini. Wa mbele ulikuwa umebanwa kwa asilimia 80, unaozunguka nyuma asilimia 50, wa kulia 40. Ule wa mbele ukawekewa stenti papo hapo, yaani kijiwavu cha chuma kinachoushikilia mshipa ubaki wazi.

Mimi nikawaza kama mtu wa magari: bomba liliziba, limezibuliwa, imekwisha. Asubuhi yake nikamwuliza daktari lini narudi barabarani, na kwa nini ile miwili wameiacha. Akavuta kiti akakaa.

"Mzee wangu, mshipa si bomba," akasema. "Bomba limekufa. Mshipa uko hai, na sehemu yake muhimu kuliko zote huwezi kuiona kwenye ile picha."

Akanieleza kuhusu utando wa ndani. Umeshawahi kumenya yai la kuchemsha ukaona kile kingozi chembamba kinachobaki kwenye ganda? Utando wa mshipa ni mwembamba kuliko hicho, tabaka moja tu la seli, lakini umeenea katika kila mshipa wa mwili. Ukiwa mzima, unatengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo inaulegeza mshipa utanuke moyo unapohitaji damu nyingi, na inazuia chembe za damu zisigandiane. Moshi wa sigara, sukari iliyopanda, presha na lehemu mbaya (kolesteroli) huuchubua. Ukishachubuka, lehemu hupenya chini yake, seli nyeupe huifuata na kuimeza, na uvimbe wa mafuta hujengeka ndani ya ukuta wa mshipa mwaka hadi mwaka. Asilimia 80 yangu ilianza hivyo, nikiwa kijana sijui lolote. Na zile 50 na 40 bado zilikuwa njiani. Akaniambia tena kwamba hata uvimbe usiobana sana unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na shambulio la moyo likaja siku hiyohiyo. Stenti ilishikilia kipande kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Mishipa mingine yote ilibaki mikononi mwangu.

Binti yangu anasoma uuguzi, naye ndiye aliyenisimulia habari za Mmarekani Robert Furchgott. Mwaka 1980 alionyesha kwamba vipande vya mshipa wa sungura vilivyokwanguliwa utando wa ndani vilikataa kulegea vilipowekewa dawa ya kulegeza, na vile vyenye utando mzima vililegea. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad. Sijui kwa nini habari hiyo ilinigusa kuliko onyo lolote nililopewa. Nilikuwa nimeukwangua utando wangu mwenyewe miaka thelathini.

Sasa niseme jambo ambalo wanaume hatulisemi. Miaka mitatu kabla ya Kitonga, nguvu za kiume zilianza kunipungukia. Nilinunua vidonge duka la dawa, nikamficha mama watoto, nikaamini ni uzee na uchovu wa barabara. Daktari aliponiuliza nilitaka kukana. Akanieleza bila kunidhalilisha: mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ya moyo, na nayo hutanuka kwa naitriki oksaidi ileile. Utando ukiugua, mara nyingi hiyo ndiyo taa ya kwanza kuwaka kwenye dashibodi, miaka kadhaa kabla ya kifua kulalamika. Mimi niliiona ikiwaka, nikaifunika. Akanionya pia kwa ukali: vidonge vile vikikutana mwilini na kile cha kuweka chini ya ulimi nilichopewa kwa ajili ya maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka ghafla na mtu akafa. Kama unavitumia kwa siri, mwambie daktari wako. Niliona aibu kwa dakika mbili tu, ikapita.

Dawa zangu zilikuwa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, atovastatini ya kushusha lehemu, za presha na za sukari. Klopidogreli niliambiwa nisiikatishe mwaka mzima, na sababu yake ni utando uleule: stenti ni chuma kigeni ndani ya mshipa, na mpaka utando uote juu yake na kuifunika, damu inaweza kuganda hapo na kuziba ghafla. Mwezi wa tatu fizi zilianza kutoka damu nikipiga mswaki. Jirani akanishauri nipumzishe dawa wiki moja na ninywe mizizi. Nilikaribia kumsikiliza. Nikapiga simu kliniki kwanza, nesi akasema, "Baba, hiyo usiiache hata siku moja. Badilisha mswaki uwe laini, na kesho njoo tukuone." Nikaenda, wakanipima, nikaendelea.

Sigara ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Niliacha siku ileile ya stenti kwa hofu, nikarudia wiki ya pili kwenye maegesho ya Makambako, sigara mbili, nikalia. Kilichonisaidia ni kuachana na safari ndefu za usiku, kwa sababu moshi na usukani kwangu vilikuwa kitu kimoja. Tajiri wangu alikubali nisimamie yadi. Mshahara ulipungua, na hilo lilituumiza nyumbani, sitalificha. Binti aliniambia mwaka mmoja bila sigara hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo karibu nusu ukilinganisha na anayeendelea kuvuta. Nikaandika tarehe ukutani nyuma ya mlango.

Kutembea nilianza na dakika kumi, mpaka msikitini na kurudi. Sasa ni dakika arobaini kila alfajiri, siku tano kwa wiki. Damu inapokimbia na kuusugua ule utando ndipo utando unapochochewa kutoa naitriki oksaidi zaidi, kwa hiyo kila asubuhi nikianza kutoka jasho najua kuna kazi inafanyika ndani. Chakula hakikuhitaji miujiza. Ugali umepungua ukawa nusu ya sahani, mchicha na maharage vikaongezeka, chipsi na soda nimeziacha barabarani. Chumvi mama watoto anaipima: chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, vyakula vyote vikijumlishwa.

Baada ya mwaka, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilishuka kutoka asilimia 9.8 hadi 6.9. Lehemu mbaya ilikuwa 4.1, ikawa 1.6, daktari alitaka iwe chini ya 1.8. Nilikimbizwa kwenye mashine ya kutembea huku nimefungwa nyaya za kupima moyo, nikamaliza bila maumivu. Ile asilimia 50 na 40 haijapimwa tena kwa mrija, kwa sababu hakuna dalili inayolazimisha.

Mwezi uliopita mdogo wangu, ana miaka 44, alikuja yadi akanivuta pembeni. Alizunguka sana kabla ya kusema: usiku mambo hayaendi, je, mimi kaka mtu mzima namjua mganga mzuri? Nikamwambia yaliyonipata, yote, kama nilivyoyaandika hapa. Tukaenda pamoja kituo cha afya. Presha yake ilikuwa 168 kwa 102, na hakuwahi kupimwa tangu aache shule. Wakaipima tena siku mbili zilizofuata, ikawa juu vilevile. Sasa yuko kwenye dawa, na alfajiri ananipitia tunatembea wote.